Kopo la Maziwa la Kalengera

Niliondoka Goma kwa sababu mimi ni mutu wa kunyamaza. Tantine Espérance, dada mukubwa wa papa yangu, alitafuta mutu wa kubeba maharagi yake, akasema mbele ya nyumba nzima: "Munipe huyu. Hata mukimufinya, hatasema kitu." Wakacheka. Niliona haya, lakini nilifurahi kidogo.

Kazi ya tantine ni kuuliza. Tangu sijazaliwa anazunguka Kivu na kaye zake za kuandikia, anatafuta kujua kwa nini watu wanajua sida, ukimwi, inavyoambukizwa na bado hawajikingi, bado hawaendi kupima. Pale soko la Kituku wauza samaki wanamuita Mama Maswali. Safari hii wakubwa wa proje walitaka kufunga chumba cha kupimia cha Kalengera, eti wanawake wa kule hawakihitaji. Tantine alipewa siku moja ya kuonyesha kama ni kweli.

Saa kumi na mbili asubuhi ziwa lilikuwa bado jeupe. Mitumbwi ilionekana kama imesimama hewani.

Gari lilipofika Kibumba, ukungu. Wamama wenye mashu, zile kabichi kubwa, kichwani walitoka ndani yake, wakarudi ndani yake, bila miguu. Nilikuwa kama ninalala macho wazi, na sauti ya tantine ilinifikia kutoka mbali: kila mwanamuke ataingia peke yake nyuma ya kitenge kilichotundikwa, na haragi moja mukononi. Kama jibu lake ni ndiyo, ataliacha ndani ya kopo. Kama ni hapana, atatoka nalo.

"Hakuna atakayejua nani kajibu nini," alisema. "Hata Mungu ninamuomba ageuke kidogo."

Saa tatu, Kalengera. Mama Furaha, muuza unga, alitupa chumba chake cha mbele. Wanawake kumi na wanane walikaa kwenye benchi nje ya kitenge.

"Mama Maswali, umerudi? Leo utatuuliza hata rangi ya ndoto?" mumoja aliuliza.

"Ndoto ni kesho," tantine alijibu. "Leo ninauliza hivi: umewahi kutaka kwenda kupima, ukaogopa kuonekana?"

Waliingia, wakatoka, mumoja mumoja. Tantine akapindua kopo. Halikuwa na kitu, hata haragi moja.

Alikaa chini. "Basi wale wakubwa wa proje walisema kweli," alisema, akafungua kaye aandike.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na kitenge muda wote, nikisikia kila mumoja anavyobana pumzi pale ndani. Nilijiuliza: ingekuwa mimi? Nikachukua haragi, nikaliangusha ndani ya kopo.

Ko.

Nje, vichwa vyote viligeuka. "Ni nani huyo?" mumoja aliuliza, wengine wakacheka.

Miaka yote tantine alitumia mufuko wa kitambaa. Safari hii panya walikuwa wameula, tukachukua kopo la maziwa jikoni, la bati.

Nilifungua kitambaa changu cha kichwa, nikakitandika ndani ya kopo, nikaangusha haragi tena mbele ya tantine. Kimya.

Alinitazama sana. "Na miaka yangu yote hii," alisema pole pole, "nilisahau masikio."

Saa saba wakaingia upya. Maharagi kumi na manne. Mama Furaha aliyatazama mukononi mwa tantine, akafuta macho kwa ncha ya kitenge chake. "Hicho chumba cha kupimia hakifungwi, eeh?"

"Na maharagi haya, watanisikiliza," tantine alisema.

Swali la mwisho lilikuwa hili: kuna kitu juu ya mwili wako ambacho hujapata mutu wa kumuuliza? Wanawake waliingia kumi na wanane. Maharagi yalikuwa kumi na tisa. Tantine alihesabu mara mbili. Mimi nilitazama miguu yangu. Akaandika kumi na nane, moja akalitia mufukoni.

Saa kumi tulirudi. Mulima Nyiragongo ulikuwa umejifunika mawingu, njia nyeusi ikipita chini yetu kama maji. Baada ya Rugari niliona mukono wa tantine unakuja, unaacha haragi kwenye kiganja changu.

"Muziki wa shofa, huyu anayeendesha, ni mukubwa, hasikii," alisema. "Na mimi ninaangalia njia."

Nilichojifunza ni kwamba mutu anayenyamaza hakosi neno; anasikiliza kwanza kama litaanguka kwa kelele. Mimi ambaye hata nikifinywa sisemi, tulipoona ziwa nilikuwa nimeuliza maswali matatu.