Mtu wa Kuambiwa Mara Tatu

Mafuta ya kuzuia jua yana harufu ambayo sijaizoea mpaka leo. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hatuwapeleki bustanini kabla ya kuwapaka usoni na mikononi. Nikifungua tu ile chupa, harufu yake ya nazi na sabuni inanirudisha kwenye Jumamosi moja nikiwa na miaka tisa, nimekaa juani Blacktown, uso mweupe pe kama niliyeangukia gunia la unga wa muhogo. Wenzangu hudhani nimechoka. Kumbe sipo pale kabisa.

Tulikuwa na miezi minane tu Australia, watu watatu: Baba, mimi Mapendo, na mdogo wangu Eliya wa miaka mitano. Mama alibaki kambini Nyarugusu, Tanzania. Wakati familia yetu inahesabiwa kwa ajili ya safari, alikuwa amevuka ziwa kwenda kwetu Uvira kumzika mama yake, na aliporudi jina lake lilikuwa limeshatolewa kwenye faili. Tukaambiwa tutangulie, yeye atatufuata baada ya miezi michache. Mimi niliihesabu hiyo miezi michache kwa vidole mpaka vidole vikaisha, nikaacha.

Tulipewa nyumba kwenye mtaa wa Campbelltown. Baba alipata kazi ya kupanga maboksi ya kuku walioganda kwenye ghala, akawa anarudi na mikono iliyokufa ganzi, anatusongea ugali, tunakula watatu tukisikiliza friji ikinguruma. Majirani walikuwa watu wema wa kupunga mkono, lakini mkono ukishashuka, mlango unafungwa. Kwetu kambini ungeweza kulia chooni na watu watatu wakaja kukuuliza una nini. Hapa tulilia kila mtu na mto wake.

Siku moja mwalimu wangu akanipa tiketi nne za besiboli, familia nzima ikatazame mchezo. Kwenu hiyo ni zawadi. Kwa Baba, karatasi iliyotoka shuleni ni wito.

“Wametuita,” alisema. “Tutaenda.”

Hakuna kati yetu aliyejua besiboli ni nini. Baba alivaa suti yake ya kahawia, ile ya kuendea kanisani na kwenye ofisi za watu wakubwa, akachukua na bahasha ya karatasi za Mama. Aliibeba kila alikoitwa, kwa sababu huwezi kujua nani atakuulizia. Nyuma ya tiketi palikuwa na maandishi madogo. Nikamsomea: watoto wavae kofia, wapakwe mafuta ya jua. Hawakuandika yapakwe kiasi gani, basi Baba akamaliza nusu chupa kwenye nyuso zetu mbili. Msinicheke. Mwanamume yule alitii kila kibao cha nchi hii, hata kile kinachokataza mbwa, na mbwa hatukuwa naye.

Tukapanda treni, tukabadilisha, tukapanda basi mpaka Blacktown. Uwanja ulikuwa wa kijani kiasi cha kuumiza macho, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilituzunguka. Katikati walisimama wanaume waliovaa kama wanaokwenda kulala, wanatafuna, wanatema mate, wanarekebisha kofia. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaukosa kwa gongo, wanaanza upya. Ilipopita kama saa nzima Baba aliniinamia.

“Mapendo, hawa watu wanaanza saa ngapi?”

Tiketi zilikuwa nne, nimeshawaambia. Kwenye kiti cha nne Baba aliweka bahasha ya Mama, akaigandamiza kwa chupa ya maji isipeperuke. Akaja mzee mmoja amebeba viazi vya kukaanga, akauliza kama kile kiti kina mtu. Baba akasimama kwa heshima.

“My wife,” akasema. “She coming.”

Yule mzee akasema hakuna shida, akaenda zake. Baba akakaa, na kwa muda mrefu nilimwona akitazama ngazi wanakopandia watu, kana kwamba uongo wake mwenyewe, kwamba mkewe anakuja, umeanza kumwingia. Nami nilikuwa nazitazama ngazi zile zile.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu Baba, la sivyo hamtanielewa. Mama alipenda kusema, “Baba yenu ni mtu wa kuambiwa mara tatu.” Ukimkaribisha chakula, mara ya kwanza anakataa kwa sababu ana adabu. Mara ya pili anakataa kwa sababu anakuheshimu. Mara ya tatu ananawa mikono. Kwetu wengi ndivyo walivyo, lakini yeye alizidi. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, shemeji mmoja mtundu aliondoa sahani baada ya “hapana” ya kwanza tu, na bwana harusi mtarajiwa akashinda na njaa huku anatabasamu. Mama alikuwa anaisimulia hadithi hiyo huku anampakulia Baba bila kungoja jibu, na Baba anacheka.

Basi. Mara tukasikia mlio mkali wa gongo, na mpira badala ya kwenda mbele ukapaa kinyume, ukatupita juu, ukagonga saruji ya ngazi, ukadunda, ukabingirika mpaka chini ya kile kiti cha nne. Eliya akatambaa, akatoka nao. Watu wakapiga makofi! Mama mmoja wa nyuma yetu akampapasa kofia, mwingine akapiga mluzi. Katika miezi minane hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa nchi hii kutufurahia, na Eliya alisimama pale na uso wake wa unga, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili kama kifaranga.

Wenzangu shuleni walikuwa wameniambia jambo moja tu la besiboli: mpira ukiangukia watazamaji ni wa aliyeuokota. Nikamwambia Baba. Akanitazama kama mtoto aliyegundua sheria inayomfaa yeye.

“Hii haiko yetu. Iko na mwenyewe. Na watu wote wameona.” Kisha akashusha sauti. “Faili ya mama yenu iko kwenye meza ya watu hawa, Mapendo.”

“It’s mine,” Eliya alisema.

Baba akaubandua mpira kwenye vidole vya Eliya, kimoja kimoja. Vidole vilikuwa vimeacha alama nyeupe za mafuta, naye akazifuta kwa kitambaa chake cha mkononi mpaka zikaisha. Akashuka ngazi na suti yake, nami nyuma yake, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mdomo wake. Nilikuwa nimeiva kwa hasira.

Chini, karibu na uzio, alisimama dada mmoja wa uwanjani mwenye kizibao cha njano. Baba akamnyooshea mpira kwa mikono yote miwili, ameinama kidogo.

Yule dada akacheka. “Oh no, keep it! It’s for the little fella.”

“Anasema tubaki nao,” nikatafsiri. “Ni wa Eliya.”

Uso wa Baba ukafunguka. Nawaapia niliuona ukifunguka. “Mwambie asante sana, lakini hapana.”

Nikamwambia.

“You sure?”

“Anauliza una hakika.”

“Hapana, asante,” Baba alisema, na sasa alikuwa anatabasamu, ameshaligeuza bega upande wa Eliya kule juu, kwa sababu zilikuwa zimetimia mbili na imebaki moja.

Mimi nilijua imebaki moja. Na Kiingereza nilikuwa nacho. Ningemwambia yule dada, muulize tena, mara moja tu. Lakini Baba alikuwa ametuaibisha mbele ya watu waliotupigia makofi, nami nilitaka naye aone. Nikatafsiri sawasawa, neno kwa neno. He says no, thank you. Hicho ndicho kilichokuwa kisasi changu.

Dada akainua mabega, akauchukua mpira, akamrushia msichana mmoja aliyevaa glavu hatua chache kutoka pale. Msichana akaudaka, akaruka kwa furaha.

Mikono ya Baba ilibaki vilevile mbele yake, imefunguka, kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaitia mifukoni.

Eliya alilia mpaka mafuta yakachora mifereji mashavuni. “Mchelea mwana kulia hulia yeye,” Baba alisema, lakini alisema akiangalia uwanjani, na mchezo ulikuwa umesimama. Tuliondoka kabla haujaisha. Kwenye treni Eliya alimlalia kifuani, akaacha doa jeupe kwenye suti ya kahawia ambalo halikutoka lote hata lilipofuliwa. Kesho yake Mama alipopiga simu, nilimsikia Baba akimwambia, “Ilikuwa vizuri sana. Watu walitupokea.”

Mama alikuja baada ya miaka sita. Jioni yake ya kwanza alipika sombe, majani ya muhogo, tuliyoinunua Blacktown kwenye duka la Waafrika, akapakua, akamsimamia Baba na upawa mkononi kama zamani.

“Nikuongezee?”

“Ndiyo, ongeza,” Baba akasema papo hapo, akasogeza sahani.

Mama akaganda. Alimtazama kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimehamishwa.

“Mapendo,” akasema, “mumemufanya nini baba yenu?”

Eliya akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba mzee ana njaa tu. Na mimi usiku ule nilidhani hivyo hivyo, au nilijilazimisha. Imenichukua miaka kuelewa, nikiwa nazungusha chai pale kazini, ambako mzee akisema hapana mara moja tunaandika kwamba amekataa, tunasukuma kigari mlango unaofuata. Baba hakupoteza adabu. Aliacha kukataa alipogundua kwamba hapa hakuna wa kumbembeleza, na mtu akikataa anabaki na njaa yake. Siku ile penye uzio alikuwa amepungukiwa na neno moja, lile la mara ya tatu. Uwanja mzima ule, aliyelijua alikuwa mtu mmoja tu, binti yake, mwenye uso mweupe pe wa mafuta, na alinyamaza.