Jina Ambalo Mama Mkwe Alikataa Kulitaja

Mume wangu alichukuliwa mchana kweupe, tukichuma kahawa katika shamba la mzungu upande wa Ruiru. Lori lilisimama pale mistari ya mibuni inapoanzia, askari wakashuka, wala hawakuuliza mtu. Walimwendea moja kwa moja, wakiwapita wanaume wengine kama wanaopita miti. Alikuwa na kikapu kiunoni, kahawa imefika nusu. Walimfungua kikapu wakakiweka chini taratibu, kisha wakamfunga mikono.

Hilo la kutouliza ndilo lililonikaa moyoni. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na watu walichukuliwa kila siku, lakini kwa kawaida askari walikusanya wote kwanza, wakachambua. Yeye walikuwa wakimjua. Kuna mtu aliyekuwa amewaambia ni nani na yuko mstari gani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe akimenya viazi. Nilimweleza huku nikilia. Aliweka kisu chini, akafumba macho, akaomba kwa sauti, akimtaja mwanawe kwa Mungu. Kisha akachukua kisu akaendelea na viazi. Sikuona chozi. Nikajiuliza: mama gani huyu? Na swali hilo likazaa jingine baya zaidi.

Mama mkwe alikuwa mmoja wa watu wa uamsho, wale waliookoka kabisa, waliosimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi zao moja moja. Kabla sijaolewa, alikuwa ametoka nyumbani kwa miguu hadi duka la Mhindi pale Ruiru kurudisha kidonge cha uzi alichokuwa ameiba akiwa msichana. Mhindi alidhani anamtega, akamfukuza. Alirudi tena siku nyingine, akauacha uzi juu ya meza akaondoka. Watu walilicheka jambo hilo, mimi pia. Lakini sasa sikucheka. Mume wangu alikuwa amekula kiapo cha watu wa msituni, wale waliopigana na serikali ya wazungu, na mama yake alilijua hilo. Mtu asiyeweza kukaa na siri ya uzi, angewezaje kukaa na siri kama hiyo?

Tena yeye mwenyewe alikataa kiapo. Waliokuja kumlisha aliwaambia wazi, "Mimi ni wa Yesu. Mkitaka kuniua, niueni, lakini siwezi kuwa na mabwana wawili." Walimwacha. Kwa nini walimwacha? Wengine hawakuachwa.

Baadaye serikali ilibomoa nyumba zetu, tukahamishiwa katika kijiji kimoja kikubwa, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, na juu ya lango mnara wa mahomugadi, wale askari wa kwetu wenyewe walioshika bunduki za serikali. Hapo kila mtu alimchungulia mwenzake. Ukikohoa, jirani alijua. Ukipika kitu chenye harufu nzuri, watu waliuliza umekipata wapi na kwa kumuuza nani. Mtoni tulikochota maji, wanawake walikuwa wakizungumza. Mama mkwe alipotokea walianza kusifu mvua.

Ndipo nilipoona kwamba kila asubuhi, tukisharuhusiwa kutoka, anajaza kibuyu cha uji na kwenda nyumba ya hedimani. Hedimani ndiye aliyekuwa mkubwa wa mahomugadi. Hakuna mtu wa kawaida aliyekwenda kwake ila kwa jambo moja, kuwataja wenzake.

Siku moja nilimfuata. Nilijifanya natafuta kuni karibu na ua wa hedimani, nikachungulia kwenye mwanya wa fito. Nilimwona mke wa hedimani amelala kwenye mkeka, amevimba miguu, pembeni yake mtoto mchanga. Alikuwa amejifungua, na hakuna mwanamke kijijini aliyekubali kumsogelea. Mama mkwe alimimina uji kikombeni.

"Kunywa wewe kwanza," mke wa hedimani alisema.

Mama mkwe akanywa. Yule mwanamke akamtazama muda mrefu, macho makali, akingoja aanguke. Hakuanguka. Ndipo akapokea kikombe.

Jioni nilimuuliza nikiwa nimesimama, jambo ambalo si adabu mbele ya mama mkwe.

"Mama, unakwenda kufanya nini kwa hedimani?"

"Si umeona? Fito zile zina mianya, na wewe una kivuli."

"Mume wake anatupiga. Serikali yake ndiyo inayomshikilia mwanao."

"Mume wake ndiye anayetupiga," alisema. "Yeye amezaa. Nikikaa nyumbani, Yesu wangu atakuwa wa Jumapili tu."

Sikuridhika. Ningewezaje kuridhika? Hata mpelelezi anaweza kupeleka uji.

Haikupita muda, wanawake wote tuliitwa uwanjani. Palikuwa na ofisa mzungu, hedimani, na ndani ya gari mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, limetobolewa pawe na mahali pa macho. Tulipita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisika, ulihesabiwa mla kiapo, ukawekwa kando. Nilipita nami. Halikutikisika. Hata leo sijui kama aliyekuwemo alinihurumia au hakunijua.

Kisha hedimani akamwita mama mkwe mbele. "Huyu ni mtu wa Mungu," alimwambia ofisa, "hasemi uongo." Akamgeukia. "Mama, wewe hukula kiapo. Tuonyeshe waliokula."

Nilihisi wanawake wakinitazama mimi, mke wa mla kiapo, si yeye.

"Kweli sikula," mama mkwe alijibu. "Na nikiulizwa habari zangu nitasema zote. Lakini sikuokoka ili niuze watu."

"Kwa hiyo unawajua."

"Ninawajua. Sitasema."

Angeweza kusema hawajui! Neno moja dogo la uongo lingemwokoa. Hedimani alimpiga kofi, mtu ambaye mtoto wake alikuwa anashiba kwa uji wa mikono ile, kisha akaamuru apelekwe handakini achimbe na wale waliowekwa kando. Alichimba juani mpaka jioni, bila chakula. Aliporudi viganja vilikuwa vimechunika.

"Ni mchezo," jirani mmoja alininong'oneza. "Wamempiga ili tumwamini."

Asubuhi mama mkwe alipika uji kama kawaida, lakini hakuweza kushika kibuyu. "Nibebee, mwanangu," alisema.

"Kwa yule aliyekupiga?"

"Kwa mke wake."

Nilikataa. Akakitia kibuyu kwapani akaanza kwenda, uji unamwagika kwenye nguo. Nilimwangalia mpaka akafika kona, kisha nikakimbia nikampokonya. Siku hiyo mimi ndiye niliyeambiwa ninywe kwanza.

Tangu hapo, nilipofika mtoni wanawake walianza kusifu mvua.

Mume wangu aliachiliwa baada ya kuzungushwa kambi nyingi. Alirudi mwembamba, ameacha kucheka. Hakukaa mezani na mtu bila kumtazama mikono. Watu wema walikuwa wamemwambia, hata kabla hajafika mlangoni, kwamba mke wake na mama yake walikuwa wakiingia kwa hedimani kila siku. Kwanza aliniuliza mimi. Nilimweleza yote, na niliona kwamba hakuamini hata nusu, nami sikuwa na la kumlaumu, maana nilikuwa nimemtazama mama yake kwa macho yale yale.

Kisha akamwendea mama yake. "Mama, ni nani aliyenitaja?"

Nilitarajia atasema hajui. Alifuta mikono kwa leso.

"Ninamjua," alisema. "Alikuja hapa akalia mbele yangu, akatubu. Niliomba naye."

"Nitajie."

"Hapana."

"Mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana sikutajii. Hedimani alinipiga nikakataa kumpa majina. Nawe nikikupa, utakwenda kufanya nini na jina hilo?"

Mume wangu alisimama akatoka. Wiki hiyo alipata kazi kiwandani Thika, akanihamisha nami, tukakodi chumba kimoja. Alisema hawezi kulala katika nyumba ambamo adui yake aliombewa. Nami nilianza ugonjwa wangu mwenyewe: nilikuwa nikiwakumbuka wanawake wote waliowahi kuingia kwa mama mkwe, nikimpima kila mmoja. Yule aliyeninong'oneza habari za mchezo? Yule aliyenisaidia kubeba kuni siku mume wangu alipochukuliwa? Wote walifaa.

Muda mrefu hakwenda kumwona mama yake. Mimi nilikwenda peke yangu, nikipeleka sukari, nikirudi na habari kwamba paa la nyumba yake linavuja. Halafu Jumapili moja mume wangu alivaa koti, tukapanda basi pamoja mpaka Ruiru. Alikataa kuingia ndani. Aliketi nje kwenye kigoda, na mama yake akatoka akaketi karibu naye, akamletea chai.

Walikunywa chai ile. Mwisho mume wangu akauliza, bila kumtazama, "Huyo mtu. Ulimsamehe?"

Nilitega sikio. Nilidhani nitasikia mahubiri.

"Niliomba naye siku ile," mama mkwe alisema. "Kumsamehe, kila asubuhi naanza upya. Hupita hapa akiniamkia, na mkono wangu unataka kuokota jiwe." Kwa mara ya kwanza nilimwona akimlilia mwanawe. "Wewe ulidhani mimi ni mti?"

Mume wangu alimaliza chai yake, akainama mlangoni, akaingia ndani kutazama mahali paa lilipokuwa likivuja.