Fundi Aliyekosea Mizani ya Ng'ombe

Saa mbili asubuhi, Jumatano, Saynab Abdihafid amepiga magoti katika ofisi ya mabati kando ya soko la mifugo mjini Garissa. Mbele yake ni kompyuta kuukuu, nzito kama gunia la sukari. Ameshaifungua na sasa anapuliza vumbi taratibu. Nje ng'ombe wanalia, na wenye ng'ombe wanalalamika kuwashinda.

Fundi huyu mwenye umri wa miaka 39 hupokea mashine ambazo mafundi wengine wamezikataa. Nyaya za mizani na printa za zamani haziingii kwenye kompyuta mpya, kwa hiyo yeye hupachika kadi za kuongeza matundu kwenye zile kongwe. Kila tundu hupewa anwani yake kwa kuhamisha kifuniko kidogo cha plastiki juu ya kadi.

"Ni kama alama ya ngamia," anasema. "Ngamia za watu wawili zikiwa na alama moja, kisimani ni vita."

Kazi hiyo humpa takribani shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi, mvua isipokata barabara.

Jumatatu ya wiki iliyopita alipachika kadi hapa ili printa ifufuke. Ikachapa vizuri, naye akaondoka kwenda Banissa kwa kazi nyingine. Mizani hakuijaribu, kwa sababu Jumatatu hakuna ng'ombe sokoni. Jumatano, siku ya soko, ilipofika, uzito haukuonekana kwenye kompyuta, na kioo cha mizani yenyewe kilivunjika zamani. Watu wakauza kwa kukadiria kwa macho.

Msimamizi wa mizani, Abdijabar Daud, ameshapata cha kulaumu.

"Abaayo, dada yangu, hii ni vumbi tu," anamwambia. "Hapa vumbi inaua kila kitu."

Saynab angeweza kuitikia, na yakaisha. Anaichomoa kadi na kuitazama kwa muda.

"Si vumbi, walaal, ndugu yangu. Kadi hii ina tundu lingine mbali na la printa, na nililiacha na anwani ya tundu la mizani. Kosa ni langu."

Mlangoni amesimama Weris Dagane, mfugaji wa makamo kutoka Kotile. Jumatano ile aliuza fahali bila kupimiwa. Leo ameleta mwingine wa umri uleule.

Saynab anahamisha kile kifuniko, anarudisha kadi na kuwasha mashine. Safari hii anakataa kuinuka mpaka mnyama apande. Fahali wa Weris anasukumwa mizanini, printa inakwaruza karatasi: kilo 318.

Weris anaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ile ingine walisema mia mbili sitini," anasema. "Na hawa wawili walikuwa sawa. Mimi nimewalea."

"Nisamehe, eeddo," Saynab anamwambia, akimwita shangazi.

"Nimesamehe, wallahi. Lakini ng'ombe ile imeenda."

Saynab anafuta macho na kuanza kukaza skrubu za kompyuta.

Baadaye anaeleza anachopanga. Dukani kwake ana kibao cha kuonyesha namba za uzito, kilichotoka kwenye mizani mbovu. Anataka kukiunganisha na lile tundu lililomponza, kisha akitundike nje, wanaposimama wauzaji.

"Nikikosea tena," anasema, "waone wenyewe kabla hawajauza."