Jina Ambalo Naomie Alitaja

Naomie alikuwa anauza maharagi hapa Kisangani, meza yake na yangu zinagusana. Maharagi yake yalikuwa yanatoka milima ya Ituri, kule kwenye baridi ambayo sisi watu wa mto hatuijui. Alikuwa anapanda milima mwenyewe kuyanunua, analala chini kwa wakulima, pembeni ya mifuko, halafu anarudi juu ya lori, vumbi mpaka ndani ya masikio. Mwanamuke wa kazi. Mudomo pia anao, lakini nani sokoni hana?

Safari moja alirudi na homa. Dispanseri wakamupa dawa ya malaria. Hapa kwetu hata ukivunjika muguu utaanza na dawa ya malaria. Lakini uvimbe hakuwaonyesha. Ulikuwa kwenye kinena, mukubwa kama yai la kuku, na ukiugusa analia. Mwanamuke gani atafunua mahali pale mbele ya kijana wa dispanseri?

Aliyeuona ni mama mukwe wake, Mama Sara, alipokuwa anamuogesha. Basi, ikaisha. Kwa ukoo wao, muke akivimba kule amelala na mwanaume mwingine, na dawa haishiki mwilini mpaka amutaje. Nilipofika kwao asubuhi, wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kama watu wa matanga, mugonjwa katikati, juu ya mukeka.

"Taja, binti yangu," Mama Sara akasema. "Tunataka upone."

"Mama, hakuna mutu."

"Uvimbe iko, mutu hayuko? Ilikuja yenyewe na baiskeli ya toleka?"

Watu wakacheka. Walicheka!

Nikamugeukia Évariste, bwana yake. "We papa, unangojea nini? Bibi yako anawaka moto."

"Mama Grâce, hii ni mambo ya famille."

"Alors, famille itamuzika?"

"Tukimupeleka bila jina, dawa itaenda bure. Mama alisema."

Mwanaume muzima, ndevu mpaka hapa. Mama alisema!

Muchana Naomie akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa. Halafu akili ikamurudia kidogo. Akanitazama mimi, akamutazama mama mukwe.

"Yannick," akasema.

"Yannick gani?"

"Wa lori. Munipeleke sasa."

Madereva wa barabara ile wanapakua mbele ya meza yangu, nawajua wote. Hakuna Yannick. Jina alilitoa hewani ili wamunyanyue pale chini.

Tukamupandisha pikipiki, mimi nyuma nimemushika. Hospitalini daktari, Docteur Leila, akamufunua, akaona uvimbe, akauliza: "Mama, ulilala wapi kabla ya homa?"

"Milimani."

"Panya walikuwa wanakufa ndani ya nyumba?"

"Ndiyo. Asubuhi watoto walikuwa wanawatupa inje."

Ilikuwa tauni, ile wanaita la peste. Panya akifa, viroboto wake wanamuacha, wanatafuta damu nyingine, na mutu aliyelala chini ndiye yuko karibu. Sindano ikaanza palepale.

"Docteur, mbona hatukusikia habari ya ugonjwa huu?" nikauliza.

"Ingekuwa Ebola, mungeona magari meupe ya misaada imejaa muji. Hii ni ya watu wa milima. Nani atapanda kule kuwaangalia?"

Naomie akapona. Uvimbe ukanywea, akaanza kula, akanitukana kidogo, nikajua amerudi. Nikabeba habari yote mpaka kwa Mama Sara: panya, kiroboto, mulima. Alisikiliza vizuri, huku anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Docteur alimupa dawa," akasema.

"Ndiyo!"

"Na dawa ilishika."

"Ndiyo, Mama, ilishika!"

"Si unaona? Alitaja."

Naomie mwenyewe amewaambia Yannick hayuko. Wanamujibu: kama hayuko, ulipona na nini? Sasa amekatazwa kupanda milimani, meza yake imekauka, na maharagi sisi tunanunua kwa watu wanaochanganya mawe ndani.

"Ningekufa kimya," aliniambia, "wangenizika muke muzuri."

Na Évariste, yeye anatafuta. Juma lililopita akamupata mutu wa jina Yannick kwenye bandari, muzee anayeleta samaki ya kukausha kutoka Barumbu na pirogi, mutumbwi wake, mutu ambaye mulima hajauona hata kwa picha. Évariste akamupiga kofi mbele ya watu. Muzee akainua kofia yake matopeni, akamuuliza: "Papa, bibi yako ni nani?"