Simu ya Mikonga Mitatu

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Nachingwea nikinunua betri za redio, akaingia mfanyabiashara wa korosho kutoka Ruangwa na wake zake wawili. Alitaka simu ya mezani isiyo na waya, yenye mikonga mitatu: mmoja wake mwenyewe, na mmoja kwa kila mke. Muuzaji akaiweka juu ya kaunta, akaisifu sana. Mzee akaridhika, mkono ukaingia mfukoni.

Mke mkubwa akainua mkonga mmoja, akaupima uzito kama anachagua muhogo. "Mume wangu akiongea na mtu kwa mkonga wake, mimi nikibonyeza huu nitasikia?"

"Kila neno, mama!" muuzaji akajibu kwa fahari.

Mkono wa mzee ukatoka mfukoni mtupu. Akakohoa. "Hebu tuoneshe ile ya mkonga mmoja."

Wale wake wenza, ambao tangu waingie hawakuwa wametazamana, wakatazamana. Mke mdogo akalikumbatia boksi. "Hatuna haja ya kuona nyingine. Si wewe mwenyewe hutaki upendeleo?"

Mzee akalipa.

Juzi nimemkuta Ruangwa mjini, amepanga foleni juani kwenye kibanda cha simu ya kadi. Nikamuuliza kama ile ya nyumbani imeharibika.

"Nzima kabisa," akasema kwa huzuni.

Nasikia wake zake siku hizi wanakaa baraza moja na kunywa chai pamoja. Vikao vya ukoo vilijaribu miaka mingi kuwapatanisha, vikashindwa.