Dawa ya Fundi Cherehani

Siku hizi alfajiri hatusikii tena raba za fundi cherehani zikishuka ngazi. Muuguzi alimwambia, "Mzee, kutembea ni dawa," naye akalichukua neno hilo kama lilivyo. Miezi minane hakukosa hata siku moja, iwe mvua iwe baridi. Tumbo likanywea, akawa anazibana suruali zake kiunoni mwenyewe.

"Na vidonge vya presha, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Ninywe dawa mbili kwa ugonjwa mmoja? Au una haraka ya kurithi cherehani?"

Mkewe akacheka, hakuuliza tena.

Asubuhi moja alianguka ngazini, raba miguuni. Sasa amelala chumba cha nyuma, upande wa kulia umepooza, na mkewe humgeuza kila baada ya saa mbili.