Noeli Ndani ya Lupango

Mwaka 1960, siku moja kabla ya Noeli, mama mmoja wa Likasi alitapika mbele ya mabwana wenye kofia na mabibi wenye glovu nyeupe.

Hakuomba pardon.

Alijifuta mdomo kwa mkono, akawashika watoto wake wawili, akaondoka.

Mama huyo ni bibi yangu, Philomène. Mmoja wa watoto hao alikuwa mama yangu, Rosalie, wa miaka tisa. Wote wawili walinisimulia, kila mtu kwa wakati wake, na maneno yao yalilingana. Kwa hiyo sitaongeza chumvi. Yenyewe yanatosha kukukosesha hamu ya kula.

Yote yalianza na Urbain.

Urbain alikuwa karani wa serikali. Tai kila siku, hata Jumamosi. Alikuwa baba wa ubatizo wa Joachim, mtoto wa mwisho wa Philomène, aliyekuwa na miaka mitano. Kwa hiyo aliingia kwao bila kupiga hodi.

Mwezi wa kumi na moja aliingia akicheka meno yote nje.

"Philo! Noeli hii batoto yako batapanda farasi!"

"Farasi gani tena, Urbain? Umekunywa tangu asubuhi?"

"Minasema kweli. Kule Elisabethville bamefungua parc. Iko na farasi ya mbao inazunguka na muziki. Iko na gurudumu inapandisha bantu juu, mupaka unaona muji yote. Iko na Père Noël, ule muzee wa zawadi! Minye nimesha kuandikisha majina yenu. Treni bure, kuingia bure."

"Bure? Nani anatupatia bure?"

Urbain akagusa tai yake.

"Relations, Philo. Kujuana na bakubwa."

Rosalie alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiacha ndoo, akaanza kuruka.

Philomène akamtazama mume wake, Adrien. Adrien alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

"Ni muzuri," akasema. Basi.

Sasa sikia maandalizi yalivyokuwa.

Philomène alikuwa mzaliwa wa Kapolowe. Mama yake alikuwa amemtumia mzigo wa samaki wakavu. Aliubadilisha wote sokoni Kikula kwa kitambaa cha buluu chenye madoa meupe. Akashona gauni la Rosalie, shati la Joachim, na kilichobaki akajifungia kichwani.

Joachim alipata viatu kutoka kwa masista. Vikubwa. Wakavijaza karatasi za gazeti.

Rosalie akageuza ndoo, akamkalisha mdogo wake juu yake, akamfundisha kupanda farasi. Akamfundisha na heshima: asante bwana, kwa Kifaransa.

"Bakikupatia kintu unasema nini?"

"Merci, monsieur!"

"Na kama ni mama?"

"Merci, monsieur!"

Walicheka nyumba nzima. Isipokuwa Adrien.

Jirani yao Alphonsine alinuna. "Na sisi? Urbain hakutuona?" Wiki mbili hakumsalimia Philomène kwenye bomba la maji. Na Philomène, nisimfiche, alifurahia. Alikuwa anachota maji polepole makusudi.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ya ajabu.

La kwanza, Urbain alikuja na mtu wa picha. Akasema watoto wavue mashati. "Ni ya carte ya kuingilia," akasema. Carte gani inataka mtoto kifua wazi? Philomène aliuliza, Urbain akacheka.

La pili, siku tatu kabla ya safari:

"Mubebe na kinu."

"Kinu? Kwa parc?"

"Iko concours ya bamama. Ya kutwanga."

"Ah, ile nitabashinda bote!"

Aliamini. Alikuja kuniambia, "Ile kinu nilibeba kwa kichwa mupaka gare ya treni, ninaimba. Mupumbavu."

Kuhusu Adrien, lazima ujue kitu kimoja. Tangu mwezi wa saba Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake. Bendera mpya, stempu mpya, wimbo mpya. Na swali jipya: "Baba yako alizaliwa wapi?"

Adrien alizaliwa Likasi. Baba yake alitoka Kasai, alikuja zamani kujenga reli. Lakini swali halikuuliza Adrien alizaliwa wapi. Kuna watu walikuwa wanapita kambi ya wafanyakazi, walikoishi, na daftari, wanaandika nani ni mtoto wa nchi na nani si mtoto wa nchi.

Ndiyo maana hakuwa akila vizuri. Philomène akimuuliza, anasema ni joto la kiwandani.

Jumamosi wakapanda treni asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, nje kila kitu kinang'aa. Joachim aliimba njia nzima.

Pale Elisabethville waliona gurudumu kabla ya kuona lango. Lilikuwa refu kweli. Urbain hakudanganya. Muziki ulisikika mpaka barabarani.

Rosalie akaanza kukimbia kuelekea lango kubwa.

"Hapana huko," akasema mzee mmoja mwenye kepi. Alikuwa na karatasi mkononi. "Famille namba ine? Mupite nyuma."

Wakapita nyuma. Kupitia matope, kupitia mapipa ya taka, mpaka kwenye kibanda cha mabati.

Mzee mwenye kepi, jina lake Étienne, akawatupia fungu la majani makavu yaliyoshonwa kama sketi.

"Muvue. Muvae hii. Na viatu pia."

Philomène akafikiri hajasikia vizuri.

"Tuvue nini?"

"Yote, mama. Unaacha kikwembe moja, ile kitambaa ya kujifunga, kwa kifua. Baba na batoto, majani tu. Haraka, bageni bamesha kuingia."

Akayaokota yale majani. Yalikuwa na unyevu. Yalinuka jasho la mtu mwingine, na mkojo wa mtoto. Familia nyingine ilikuwa imeyavaa jana.

Akayashika kwa ncha za vidole.

Rosalie alikuwa amekwenda mpaka mlango wa pili wa kibanda, ule wa mbele. Nje kulikuwa na lupango, uzio wa miti, unafika kifuani. Ndani ya lupango nyumba ndogo ya nyasi, jiko la mawe matatu, na mahali pa kuweka kinu. Nje ya lupango, benchi. Kwenye mti, kibao cha Kifaransa.

Rosalie alikuwa anasoma vizuri shuleni. Akasoma kwa sauti, kisha akamfasiria mama yake kwa Kiswahili.

"Familia ya kijiji ikiwa kwa kazi. Tafadhali usiguse."



"Mama, ni sisi?"

Philomène akamgeukia mume wake.

Adrien alikuwa amekwisha kuvua shati.

"Weye ulijua?"

Adrien akaanza kufungua kamba za viatu.

"Adrien. Minakuuliza. Ulijua?"

"Minye nilitia sahihi."

"Sahihi! Batoto yako!"

"Philo, sikia. Urbain alisema bakitia picha yetu kwa gazeti, famille ya Katanga inafurahi, atatia jina yangu kwa liste ya batoto ya inchi. Bila ile batatufukuza kwa nyumba. Batatufanya kintu gani, sijui. Ni siku moja tu."

"Na gauni nilishona? Na kinu? Uliniacha niimbe?"

"Nilishindwa kukuambia."

Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Watu wengi nikiwasimulia wanasema, mimi ningemtupia yule mzee majani usoni. Sawa. Bibi yangu hakumtupia. Aliwaangalia watoto, akaliwaza lile daftari, akawawaza wakiwa barabarani na mizigo kichwani.

Akavaa.

Akamvua Rosalie gauni la buluu kwa mikono yake mwenyewe. Akalikunja vizuri. Akamfunga majani kiunoni. Rosalie hakulia. Alikuwa ameshika mikono juu ya kifua chake, hivi, na hakuishusha.

Wakatoka kibandani, wakaingia ndani ya lupango.

Philomène alitwanga. Kinuni hakukuwa na kitu, hawakupewa hata punje ya mahindi. Alikuwa anatwanga hewa. Adrien, fundi wa mashine, alipewa mkuki na kuambiwa auchonge kwa kisu. Kwao hakuna aliyewahi kushika mkuki.

Watu walikuja. Familia na familia, na watoto waliochanwa nywele vizuri. Walikaa kwenye benchi, wakala, wakatazama. Bwana mmoja alitaka waimbe. Mama mmoja alimnyoshea Adrien kidole, akamwambia mwenzake kitu. Rosalie akainama.

"Anasema nini?" Philomène akanong'ona.

"Anasema baba ni mupole. Anauliza kama tunalalaka humu."

Philomène akaendelea kutwanga.

Kisha kijana mmoja mwenye kaptura nyeupe akatia mkono mfukoni, akatupa pipi ndani ya lupango. Zikaanguka kwenye matope, karibu na miguu ya Joachim.

Joachim akainama. Akaokota moja, akaifuta kwenye majani, akaitia mdomoni. Halafu akasimama wima, mikono kando, vile alivyofundishwa.

"Merci, monsieur!"

Benchi nzima ikacheka. Wakapiga makofi. Pipi zikaanza kunyesha kutoka kila upande.

Na Joachim akacheka pia. Alifikiri wanampenda.

Hapo ndipo Philomène alipotapika. Juu ya uzio, mbele ya zile glovu. Mabibi wakaruka nyuma wakiziba pua.

Akaingiza kidole mdomoni mwa Joachim, akaitoa ile pipi. Akasukuma uzio kwa kiuno mpaka mti mmoja ukang'oka.

"Mama, rudi! Rudi!" Étienne anapiga kelele. "Na contrat?"

"Contrat ni ya ule alitia sahihi. Umuulize yeye."

Hakupita nyuma. Alipita katikati ya parc, akiwa na majani yake, mtoto huku na mtoto huku. Watu walimpisha kama anaungua.

Wakafika kwenye farasi wa mbao.

Rosalie akasimama ghafla.

"Mama. Ule haiko Urbain?"

Alikuwa Urbain. Suti mpya, tai nyekundu. Pembeni yake mke wake, Henriette, na kofia ya manyoya. Na watoto wao watatu juu ya farasi, wanazunguka, mikono imejaa sukari.

Kumbe wenye parc walikuwa wamemwahidi: alete familia nne za kuweka ndani ya lupango, na yake itaingia kwa lango kubwa, kama wageni.

Joachim akapunga mkono, akamwita baba yake wa ubatizo. "Parrain! Parrain!"

Urbain aliwaona. Macho yao yalikutana kabisa. Kisha akageuka, akaanza kumrekebishia mke wake kofia.

Henriette akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika, na Rosalie akayaelewa maneno: "Hawa wamefunguliwa na nani?"

 Philomène alitema mate chini, akaenda kutafuta nguo zao.

Adrien aliwafuata baadaye, shati mkononi. Kwenye treni walikaa benchi moja, watoto katikati. Kwa miezi mitatu Philomène alimpikia, akamfulia, na hakumsemesha.

Na ile liste? Wenye daftari walipopita mwezi wa kwanza, jina la Adrien halikuwamo. Urbain hakuwahi kuliandika popote. Wakapoteza nyumba, wakaenda kwa wazazi wa Philomène, Kapolowe. Adrien alijifunza kulima akiwa na miaka thelathini na sita. Alilima vibaya, lakini alilima.

Miaka miwili ikapita.

Mwezi wa kwanza mwaka 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Likasi, na ile nchi ya peke yake ikaisha. Waliokuwa wakubwa jana wakaanza kukimbia kwa miguu.

Mchana mmoja wa mvua, watu watano walisimama mbele ya nyumba ya Philomène kule Kapolowe. Urbain, Henriette, na watoto wao. Suti imepasuka begani. Miguu mitupu, matope mpaka magotini. Hawakuwa wamekula siku mbili.

Kijiji kilikwisha kupata habari za lupango. Watu walijikusanya, wengine wamebeba watoto ili waone vizuri.

"Ni ule wa tai! Mumuone!"

"Mwambie aimbe!"

Mtu akatupa kipande cha muhogo. Kikaanguka kwenye matope, karibu na miguu ya mtoto mdogo wa Urbain. Mtoto akakiangalia. Akaanza kuinama.

Philomène alikuwa mlangoni. Aliniambia kwamba alitamani kuvuta kiti, akae, aangalie mpaka mwisho.

"Usiokote ile!" akamfokea mtoto. "Muingie. Bote."

Akawaingiza. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha, nyumba ikawa giza mchana kweupe. Akaweka bukari, ugali wa kwetu, na samaki mezani.

"Philo," Urbain akaanza, "minye nilitaka kukuambia..."

"Kula. Usiniongeleshe."

Akatoka nje, akasimama na mgongo kwenye mlango, mvua inampiga, akawakabili wale watu mpaka wakachoka, wakaenda zao. Ndani hakutazama hata mara moja. Wale watano walipoondoka, aliichukua sahani ya Urbain kwa ncha za vidole, akaipasua kwenye jiwe.

Nilimuuliza, "Bibi, kwa hiyo ulimsamehe?"

Alinitazama kama nimemtukana.

"Kusamehe? Ule muntu ananinukia mupaka leo. Minye nilifunga mulango tu."

Nami nililojifunza ni hilo, wala silipambi. Huna lazima ya kumpenda aliyekuchafua. Mchukie hata mate yakujae mdomoni. Lakini siku atakapofikishwa mahali pa kutazamwa akiwa na njaa, usiwe wewe wa kukaa kwenye benchi.